Vyungu Vichache, Vyenye Kina: Kupanda kwenye Balkoni na Veranda Ndogo za Kisumu na Nakuru

Ukipita Migosi au Lolwe pale Kisumu na kuinua macho, utaona balkoni nyingi zimepangwa vikopo ukingoni: vya majarini, vya maziwa ya unga, vikombe vilivyokatika mkono. Kumi, kumi na tano hivi, na katika nusu yake mna vijiti vikavu tu. Wenyewe si wavivu, wala hawana mkono mbaya. Udongo wa lita moja ukipigwa na jua la Februari hukauka kabla mtu hajarudi kutoka kazini, na ni mimea michache mno inayoweza kukaushwa na kuloweshwa namna hiyo kila siku ikabaki hai.

Kwa hiyo mwenye nafasi ndogo namshauri kinyume cha anavyotarajia: apunguze idadi, aongeze kina. Vyungu vitano vya lita kumi na tano vichukue nafasi ya vile vikopo vyote, navyo vitamwagiliwa mara moja na kusahauliwa hadi kesho. Yote yanayofuata hapa yanatokana na hilo. Yanafaa balkoni ya ghorofani, veranda ya nyumba ya kupanga, na hata ile korido ya ploti mnayoitumia watu sita.

Hatua ya kwanza: lijue jua lako

Usinunue chochote wiki hii. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, inayopita upande wa Maseno, na Nakuru iko kusini kidogo tu ya mstari huo. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya, navyo husema upande wa kusini ndio wenye jua. Kwetu hapa mambo hubadilika katikati ya mwaka. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua la mchana huinama kaskazini. Kuanzia hapo hadi Machi tena huinama kusini. Balkoni inayotazama kaskazini inaweza kuwa na mwanga mzuri Julai, halafu Desemba ikakaa kivulini siku nzima. Ukiwa na balkoni ya namna hiyo, chagua vyungu unavyoweza kuviinua, maana utavihamisha.

Mashariki na magharibi hazibadiliki sana. Balkoni ya mashariki hupata jua la asubuhi hadi kama saa tano, na hilo ndilo jua jema kuliko yote kwa mboga za majani. Ya magharibi hupigwa kuanzia saa nane hadi jua linapozama. Nakuru hilo linavumilika. Kisumu, ambako Januari na Februari joto hupita nyuzi 30 bila shida, ukuta wa magharibi huendelea kutoa joto hata baada ya magharibi yenyewe.

Chukua kipande cha chaki. Siku moja uliyo nyumbani, chora sakafuni mpaka wa jua na kivuli saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Utashangaa jinsi eneo la jua lilivyo dogo, hasa kama kuna zege la balkoni ya jirani juu yako: jua la utosi haliingii kabisa, lile la pembeni tu ndilo hupenya. Hesabu saa za kila sehemu. Sehemu yenye saa nne au zaidi itakuza mboga za majani. Nyanya na pilipili zinataka sita. Chini ya tatu, weka mimea ya majani ya mapambo na usijisumbue na chakula.

Tazama na upepo pia. Kisumu upepo wa mchana hutoka ziwani, na dhoruba za alasiri huja na kishindo. Nakuru shida kubwa ni vumbi la kiangazi, linaloganda kwenye majani hadi uyapanguse. Kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu, chungu chembamba kirefu chenye mmea mkubwa kitaanguka siku moja. Hiyo ihesabu kama jambo la hakika.

Hatua ya pili: pima, kisha uulize

Pima urefu na upana, kisha utoe nafasi ya maisha yenu. Mlango unafunguka kuelekea wapi? Beseni la nguo hukaa wapi siku ya kufua? Mtungi wa gesi, jiko la makaa, ndoo za akiba ya maji? Acha njia ya angalau sentimita 60 kutoka mlangoni hadi kwenye kamba za nguo, la sivyo mtu wa kwanza kubeba beseni atavunja chungu cha kwanza.

Halafu uzito. Lita moja ya udongo uliolowa hukaribia kilo moja na nusu, na wakati mwingine huzidi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa na kunyweshewa ni kilo 30 au zaidi. Kumi za hizo ni kilo 300, yaani umewasimamisha watu wazima wanne au watano pale usiku na mchana bila kuondoka. Balkoni inayojitokeza nje ya jengo hubeba vizuri karibu na ukuta na vibaya ukingoni. Vizito vyote viende ukutani. Kama jengo ni la zamani na zege lina nyufa au chuma kimeanza kuchungulia, tumia vyombo vyepesi tu na upunguze.

Usiweke chungu juu ya ukingo, wala usikitundike upande wa nje wa reli. Ndoano hulegea, paka hupita, mvua ya mawe hushuka, na chini kuna watoto wanaocheza. Ukitaka maua yaonekane kutoka barabarani, yatundike upande wa ndani, yatachungulia yenyewe.

Mwambie keateka mapema, na jirani wa chini pia. Maji ya matope yakidondokea shuka nyeupe za mama wa ghorofa ya kwanza, bustani yako itakuwa na adui kabla haijaota.

Hatua ya tatu: chagua chombo

Kuna uzuri wa chombo na kuna kazi ya chombo. Anza na kazi.

Ndoo za rangi za lita 20 ndizo farasi wa shughuli hii. Mafundi wa rangi huziuza wakimaliza nyumba, na mara nyingine hukuachia bure. Chagua iliyokuwa na rangi ya maji, bandua utando wote uliobaki, osha kwa sabuni na suuza mara kadhaa. Zile za mafuta ya kupikia za kilo 10, ambazo wauza chapati na hoteli huwa nazo, ni safi zaidi na zinatosha mboga nyingi. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu, dawa ya ng'ombe au oili ya gari usikiguse hata kikioshwa mara mia. Tairi kuukuu mimi naliwekea maua, si chakula.

Rangi ya chombo ina maana kuliko watu wanavyodhani. Plastiki nyeusi kwenye balkoni ya magharibi hupata joto hadi mizizi iliyogusa ukuta wake ikaungua. Mmea hunyauka mchana ilhali udongo una maji, nawe unazidi kumwaga. Chagua nyeupe au ya rangi hafifu, au ipake chokaa kwa nje. Nakuru, ambako usiku wa Julai ni baridi, ndoo nyeusi haina ubaya huo.

Vyungu vya udongo wa mfinyanzi ndivyo vizuri zaidi kwa macho yangu, na Nyanza na Magharibi bado kuna akina mama wanaovifinyanga. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye pale Kisumu, na ukitafuta kwa subira utavipata. Kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti kali inayovuma, kimechomwa vizuri. Kikitoa mlio mfu, kina ufa usiouona. Utakuta vingi havina tundu, kwa sababu vilifinyangwa kuhifadhi maji au kupikia.

“Mama, hiki nikitaka kupanda maua?”

“Kastoma, hicho ni cha maji, kinapoza kuliko friji. Lakini toboa tu, ni chako.”

Kukitoboa ni rahisi ukijua namna. Kiloweke ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi kipindue juu ya gunia lililokunjwa, weka ncha ya msumari wa saruji katikati ya kitako, uuzungushe kwa mkono huku ukikandamiza kidogo, ukidondosha maji. Usigonge kwa nyundo. Unga mwekundu utaanza kutoka, na ukivumilia tundu litapita. Ukiwa na drili na biti ya mawe, fanya vivyo hivyo, polepole, bila ile hali ya kugongagonga.

Chungu cha mfinyanzi hupumua: maji hupenya ukutani na kuvukizwa, mizizi ikakaa kwenye ubaridi. Hiyo ni neema Kisumu. Gharama yake ni kwamba hukauka haraka kuliko plastiki, kwa hiyo kisiwe kidogo. Ukipenda, tia ndoo ya plastiki iliyotobolewa ndani ya chungu kikubwa kilichotobolewa; utapata sura ya kimoja na unyevu wa kingine.

Vyungu vya saruji vya pembeni mwa barabara ni vizuri kwa nyumba za chini tu. Juu ghorofani sivipendekezi, uzito wake mtupu tayari ni mzigo. Masanduku ya mbao yanafaa sana balkoni nyembamba kwa kuwa hukaa kando ya ukuta bila kupoteza pembe. Mwambie fundi akutengenezee la urefu wa sentimita 80, upana 25, kina 25, na liwe na miguu. Mbao laini zisizotiwa dawa zitaoza baada ya misimu michache ya mvua, basi tandika ndani plastiki nzito iliyotobolewa chini.

Bustani ya gunia, ile yenye nguzo ya mawe katikati na sukuma iliyochomekwa ubavuni, ni jambo zuri sana chini, kwenye ardhi ngumu. Gunia lililojaa linapita kilo mia. Lisipandishwe ngazi.

Kuhusu kina: dania na kitunguu cha majani hutosheka na sentimita 15 hadi 20. Spinachi, managu, mchicha na saga hutaka 20 hadi 25. Sukuma wiki na pilipili, 25 hadi 30. Nyanya, usiipe chini ya ndoo ya lita 20, moja kwa ndoo.

Hatua ya nne: matundu

Matundu matano au sita yenye upana wa kidole kidogo yanatosha ndoo ya lita 20. Pasha moto ncha ya nondo kwenye jiko, nje, usivute ule moshi. Kisha uinue ndoo juu ya vipande vitatu vya tofali au vigae ili sakafu isizibe matundu. Watu wengi hutoboa vizuri halafu wakaiketisha ndoo bapa juu ya saruji, na maji yakabaki ndani vilevile.

Kokoto chini ya chungu ni desturi iliyoshika mizizi kila mahali, nami nakuomba uiache. Maji hayashuki kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule wa juu umelowa chapachapa. Kwa hiyo tabaka la kokoto halikaushi chochote. Linapandisha tu ile sehemu yenye tope ikakaribia mizizi, na linakula kina ulichokilipia. Kinachotakiwa ni kigae kimoja au kipande cha wavu wa dirisha juu ya tundu, udongo usitoke. Basi.

Hatua ya tano: udongo

Hapa ndipo Kisumu na Nakuru zinapoachana njia.

Sehemu kubwa ya tambarare ya Kano, hadi mitaa ya chini ya Kisumu, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa hunata kwenye kiatu hadi ukawa mrefu, ukikauka hupasuka. Ndani ya ndoo hugeuka tofali. Usiutumie peke yake hata kidogo. Tafuta udongo mwekundu wa juu kutoka Maseno, Vihiga au pande za Kakamega kama una ndugu huko, kisha uupunguze uzito. Kipimo changu ni karai mbili za udongo, karai moja ya samadi iliyooza, na karai moja ya kitu cha kulegeza. Kwa Kisumu kitu hicho ni makapi ya mpunga. Vinu vya Ahero hutoa milima ya makapi, ni mepesi ajabu, na yanaupa mchanganyiko nafasi ya hewa bila kuongeza kilo. Mchanga wa mto pia hulegeza, lakini ni mzito. Uweke kwa vyungu vya nyumba za chini.

Gugu maji la ziwani lina kazi nzuri hapa. Likikaushwa na kuozeshwa pamoja na samadi hadi lisitambulike, ni mboji safi. Bichi usilitie chunguni, ni maji matupu.

Nakuru udongo ni wa volkano, mwepesi, wa kijivu, na hupitisha maji upesi mno. Huko usiongeze mchanga. Ongeza samadi: karai moja na nusu kwa karai mbili za udongo. Vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyoelea majini, ambavyo mijengo ya Nakuru huchimbua, vichekeche uchukue vyenye ukubwa wa harage. Vinashika unyevu na hewa pamoja, na kwa balkoni ya juu havina mfano.

Samadi iwe imeoza kweli. Weka mkono katikati ya rundo: ikiwa ina joto, bado. Inukie udongo, isinukie zizi. Ya kuku ni kali. Nusu ya kipimo inatosha.

Jaza chombo hadi ubakize vidole vitatu juu. Nafasi hiyo ndiyo hupokea maji. Ukijaza hadi mdomoni kila umwagiliaji utatiririsha udongo sakafuni.

Hatua ya sita: nini kiingie wapi

Nitasema kwa ufupi, maana kila nyumba ina mdomo wake.

Balkoni ya jua la asubuhi: managu, saga, spinachi, sukuma. Mboga za kienyeji zinaelewa joto la Kisumu kuliko spinachi, na ukizichuma kwa kukata ncha huchipua tena wiki baada ya wiki. Sukuma tatu kwa ndoo ya lita 20, zisizidi.

Dania huchukia kuhamishwa. Ponda mbegu kidogo kwa chupa zigawanyike, zisie papo hapo zitakapokaa. Kisumu hutoa maua haraka likiona joto, kwa hiyo lipe kivuli cha mchana na usie kidogo kila baada ya wiki mbili. Nakuru hudumu zaidi, na stroberi pia hufurahia ubaridi wa kule.

Ukuta wa magharibi wenye joto: rosmari, mshubiri, mchaichai, bogenvilia iliyokatwa fupi. Minti ipe chungu chake peke yake, popote utakapoiweka. Ikichanganywa na wengine, baada ya miezi michache itabaki minti.

Kivulini: spaida, ulimi wa mama mkwe, begonia za majani. Penye watoto wanaotambaa, usiweke ile mimea ya majani mapana yenye madoa meupe, dieffenbachia. Utomvu wake huchoma na kuvimbisha mdomo.

Hatua ya saba: kupanga

Panga vyombo vikiwa vitupu. Viweke unavyodhani, kisha uishi navyo siku mbili tatu: fua, anika, pika, fungua mlango usiku bila taa. Utagundua mwenyewe kipi kiko njiani, na kukisogeza sasa ni kazi ya mguu mmoja. Kikishajaa udongo utaita mtu.

Fikiria ngazi tatu: sakafu, kiuno, na juu ya kichwa. Kwenye balkoni mwanga huja kutoka upande mmoja, wa nje. Virefu vikae nyuma, ukutani, na vifupi mbele karibu na reli. Ukifanya kinyume, nyanya itawazibia wengine wote jua, na nyumba nayo itakuwa giza. Kwa ngazi ya kiuno, kreti za soda zilizopinduliwa, benchi la mbao, au rafu nyembamba iliyofungwa ukutani zinafaa. Ya juu ni ya vyombo vidogo vinavyoning'inia: hapo ndipo vile vikopo vinaruhusiwa, alimradi ndani mna kitu kisichojali kukauka, kama spaida au mimea ya majani manene. Ndoano ipigwe kwenye zege kwa ruhusa ya mwenye nyumba, si kwenye dari ya mbao nyembamba.

Chukua mfano huu. Balkoni ya mita moja kwa mbili na nusu, ghorofa ya pili, inatazama magharibi, Kisumu. Mlango uko kulia. Kulia pale paache wazi kabisa, ni pa nguo na miguu. Kushoto kwenye pembe, kando ya ukuta, weka ndoo mbili za lita 20, moja ya rosmari na moja ya mchaichai. Mchaichai ukikua utatupa kivuli cha alasiri kwa jirani yake, na hapo chini ya kivuli hicho weka chungu cha mfinyanzi chenye minti. Ukutani kati ya mlango na pembe, sanduku lile la sentimita 80 likiwa na managu na saga. Kwenye kona ya reli, chungu kimoja kizito cha bogenvilia, kimefungwa kwa waya kwenye reli kisianguke kwa upepo wa ziwani. Vyombo vitano, na bado kuna mahali pa kiti. Kiti ni muhimu. Balkoni isiyokalika hugeuka stoo upesi sana, na mimea ya stoo hufa.

Usichanganye sura nyingi. Nafasi ndogo yenye ndoo nyekundu, kopo la bluu, chungu cha saruji na beseni la kijani hufanana na mkokoteni wa chuma chakavu. Chagua aina mbili, kwa mfano mfinyanzi na nyeupe, na ndoo zote zipake chokaa moja. Vikusanye vitatu vitatu kwa urefu tofauti badala ya kuvipanga mstari mmoja. Vikikaribiana hutunziana unyevu na kupeana kivuli kwenye kuta za vyungu, hivyo hata maji yanapungua.

Kwenye korido ya ploti, pale Nyalenda ya Kisumu au Kaptembwo ya Nakuru, kanuni ni moja tu juu ya hizi: chombo kisizidi upana wa mguu mmoja kutoka ukutani, na kisikae juu ya mtaro. Inua kila kitu kutoka sakafuni, kwa ajili ya kuku na mpira wa watoto.

Ukimaliza, geuza kila chungu robo ya mzunguko kila wiki, mmea usiinamie nje.

Hatua ya nane: maji na matunzo

Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Pakavu, mwaga, pana unyevu, acha. Mwaga asubuhi, taratibu, hadi maji yaanze kutoka chini. Kikombe kimoja juu juu hulowesha kina cha kidole tu na kuifundisha mizizi kupanda juu kutafuta maji.

Siku ambazo mferejini hamna kitu, maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa. Ya sabuni ya kufulia na jiki hayafai. Nakuru kuna jambo la ziada: maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ileile inayoyatia meno rangi ya kahawia. Spaida na jamii ya dracaena huonyesha hilo kwa ncha za majani kuungua. Usiongeze mbolea ukidhani ni njaa. Zipe maji ya mvua.

Visahani vya chini ya vyungu huokoa sakafu na shuka za jirani, lakini vimwage. Mbu hukamilisha safari ya yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kutegemea joto, na Kisumu joto lipo. Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi ya nje. Anayependa vyombo vya nyumbani ni yule mwenye miguu ya madoa meupe, na naye ana magonjwa yake, dengi ikiwemo. Mwaga na usugue visahani kila wiki, au uvijaze mchanga.

Wiki nne hadi sita baada ya kupanda, chakula cha awali hupungua. Konzi mbili za samadi juu ya udongo zinatosha. Magharibi yote tuna tithonia pia, ule mmea wa uzio wenye maua makubwa ya njano unaojaa kando ya barabara za Maseno na Luanda. Majani yake yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi na huoza haraka. Watu huyaloweka ndooni wiki mbili, kisha huyazimua kwa maji. Dawa hiyo ni nzuri na harufu yake ni balaa. Ghorofani nashauri uyakatekate mabichi na kuyatandaza juu ya udongo. Yatalisha na yatazuia jua lisikaushe.

Vidukari wakishika sukuma, wapanguse kwa kidole na maji ya sabuni ya mche kidogo, asubuhi, upande wa chini wa majani. Ukifanya hivyo siku ya kwanza unapowaona hutahitaji dawa ya dukani.

Ukienda ushago wikendi, sogeza vyungu vyote kivulini, vikusanye pamoja, umwage hadi vitoke maji. Chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko na kuchomekwa kichwa chini itasaidia kile cha nyanya.

Siku ya kuhama

Wapangaji huhama, na mwongozo wa vyungu usiosema hilo ni wa mwenye shamba. Acha kumwagilia siku mbili kabla; ndoo itapungua kilo kadhaa. Vuna mboga zote zilizokomaa ule au ugawe, ubakize mashina. Nyanya na pilipili zifunge kwenye kijiti kimoja kwa kitambaa. Tuktuk hubeba ndoo nne za lita 20 kwa raha, tano kwa kubembelezana na dereva. Zikae sakafuni zikibanana, si juu ya kiti. Vyungu vya mfinyanzi vifunikwe kwa nguo zako, ambazo zinahama pia. Masanduku ya mbao yatoe udongo utie kwenye magunia mawili, maana likipandishwa likiwa limejaa miguu itakatika.

Kule mnakohamia, vyungu viweke kivulini siku tatu, uchukue chaki.